Kinyungu cha Baba

Ndani ya basi la Kosta la Njombe, mbele yangu alikaa Mwalimu Kasimiri, mstaafu aliyefundisha siasa enzi za ujamaa, pamoja na Mama Hilda, mkulima wa viazi. Walikuwa hawajuani, hadi mwalimu alipotaja kijiji ambako alisimamia watu wakihamishwa.

"Na baba yangu mlimhamisha," mama akasema.

Mwalimu akashusha pumzi. "Nadharia ilikuwa sahihi, mama. Mali hutokana na jasho la mkulima."

"Jasho la baba lilikuwa kinyunguni, shamba la bondeni lisilokauka kiangazi. Mkampeleka mlimani, mwendo wa saa tatu. Mahindi ya bondeni, bila mlinzi, yakaliwa na ngedere, tukalala njaa."

"Tulisoma uchumi wa dunia nzima. Wa bonde lile hatukuusoma." Kisha ualimu ukampanda. "Lakini leo bei ya viazi vyako anapanga nani?"

"Madalali," mama akakiri. "Ila baba ungemuuliza kwanza."

"Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilijua kila kitu."

Mimi niliacha kujifanya nasoma simu.

Tulipoingia stendi ya Makambako, mwalimu akauliza kwa sauti ndogo, "Bado yupo?"

"Yupo. Haoni tena," mama akasema akiteremka, "lakini anasikia vizuri."