Koti la Yohana Lilivyofika Makatumbe

MITAMBO: Kilosa stesheni, kuna simu yako kutoka Dar es Salaam. Haya, ongeeni.

MAKARIUS: Haloo. Stesheni ya Kilosa hapa. Bwana Stesheni ametoka kunywa chai. Nani mwenzangu?

SIKUZANI: Ni mimi.

MAKARIUS: Kila anayepiga hapa ni mimi. Mimi ndiye nani?

SIKUZANI: Sikuzani, dada yake marehemu Yohana. Shikamoo kaka Makarius.

MAKARIUS: Marahaba, mke wangu. Dar wanakulisha nini, mbona sauti imekuwa nyembamba?

SIKUZANI: Mke wako nani, mchukua mizigo wewe? Nyinyi Wanyamwezi mlipita kwetu Usagara na mizigo ya watu vichwani, tukawaonea huruma, tukawapa maji. Leo mnataka na wake.

MAKARIUS: Maji yenyewe yalikuwa na vyura. Haya, Saba Saba inakwendaje? Katibu wa kijiji anasema mmepeleka mahindi kwenye maonyesho, lakini watu wa mjini wanawatazama nyinyi.

SIKUZANI: Mahindi yanatazamwa vizuri tu. Sasa sikiliza, hapa posta wananipa muda mfupi—

MAKARIUS: Ngoja nianze mimi, nina shida kubwa. Koti limepotea.

[Laini inakoroma.]

SIKUZANI: Koti gani?

MAKARIUS: La kaka yako, jamani. Lile jeusi lenye vifungo vya shaba. Lilikuwa kwenye msumari chumbani kwa mjane wake, shemeji Hildegarda, sasa umebaki msumari. Na Jumamosi tunaondoa tanga. Kazi ya mtani unaijua. Navaa koti la marehemu, natembea alivyotembea, nasema alivyosema, watu wanacheka mpaka msiba unatoka ndani ya nyumba. Nitatembeaje kama Yohana bila koti la Yohana?

SIKUZANI: Wanasema nani kalichukua?

MAKARIUS: Nani tena? Mtani. Jana balozi wetu wa nyumba kumi, Cornel, kaja kupekua kwangu. Kageuza godoro, kaingiza mkono kwenye kihenge mpaka begani. Baba yako mdogo, mzee Mathayo, kasema bila koti tanga haliondoki. Kwa hiyo Hildegarda yuko palepale mkekani, hatoki hata kwenda shamba, na mahindi yake kule Kisanga yanavunwa na nyani.

SIKUZANI: Si ungesema tu umelichukua wewe? Mtani anaruhusiwa.

MAKARIUS: Anaruhusiwa kama anatangaza. Nachukua, natangaza, ndugu wanakuja kukomboa kwa kuku au kwa pombe, tunacheka. Lakini mtani akichukua akanyamaza, huyo ni mwizi kama wezi wengine. Na mimi nimenyamaza kwa sababu sijalichukua.

SIKUZANI: Najua hujalichukua.

MAKARIUS: Unajuaje na wewe uko Dar?

SIKUZANI: Lilikuwa kwangu.

MAKARIUS: Ah, sifa kwa Mungu. Lifunge kwenye gunia, mpe kondakta wa treni ya—

SIKUZANI: Makarius.

MAKARIUS: Naam.

SIKUZANI: Nimesema lilikuwa.

MAKARIUS: Sikuzani, hebu anza mwanzo. Na usiruke kitu.

SIKUZANI: Si unakumbuka Yohana alivyokuwa akisema kwamba kabla ya reli alikuwa akiwasha taa ya meli kwenye kisiwa, mlangoni mwa bandari?

MAKARIUS: Nikumbuke? Nimeisikia hadithi hiyo mpaka naweza kuikoroma. Makatumbe. Nyumba yake ya mawe, mbuzi wake, nahodha wa Kigiriki akampa koti kwa kumwokoa asigonge mwamba. Na mimi nilimwambia mbele ya watu, koti hilo umelinunua mnadani Dumila.

SIKUZANI: Ulimwambia kila mwaka.

MAKARIUS: Na kila mwaka alikasirika, na kesho yake alinitafuta tuendelee.

SIKUZANI: Basi mimi nilitaka lifike. Nililitoa kwenye msumari alfajiri tunaondoka, nikalifunga katikati ya mahindi ya maonyesho. Nikasema nitalipeleka kwenye nyumba yake, nilikunje mlangoni kidogo, kisha nirudi nalo. Wifi Hildegarda mwenyewe aliniomba nimtazamie kama paa bado zima.

MAKARIUS: Na ukaenda kweli?

SIKUZANI: Nilikwenda. Pale Feri kuna mzee mwenye boti ya mashine. Nilipomwambia nataka Makatumbe alinitazama, akauliza nakwenda kwa nani. Njiani nilitapika chakula cha maonyesho chote, na yeye akawa ananionyesha visiwa kama anayeonyesha mashamba yake. Kile kwa ndege, kile kwa wavuvi, kile hakina kazi.

MAKARIUS: Na chenu?

SIKUZANI: Mnara upo. Taa ipo. Mbuzi walivyotajwa ningeona walau kinyesi.

MAKARIUS: Na nyumba?

[Laini inakoroma.]

SIKUZANI: Mzee wa boti anasema tangu azaliwe hajaona mtu akilala pale. Mwenye taa anakwenda, anafuta kioo, anarudi mjini kula.

MAKARIUS: Mh.

SIKUZANI: Usigune.

MAKARIUS: Sijaguna. Nimepumua. Endelea, koti.

SIKUZANI: Kulikuwa na mchanga mpana, mkavu, mweupe, na maji yako mbali kama kutoka hapo stesheni mpaka sokoni. Nikalitandaza koti lipigwe na jua, maana lilikuwa linanuka mahindi. Nikapanda juu kwenye mawe kuutazama mnara. Niliporudi hakuna mchanga.

MAKARIUS: Umekwenda wapi?

SIKUZANI: Maji yamekuja juu yake.

MAKARIUS: Mvua?

SIKUZANI: Jua kali. Yanakuja tu. Mzee anasema yanakwenda na kurudi, kila siku.

MAKARIUS: Acha kunitania, zamu yako imekwisha. Mto wetu Mkondoa ukikauka umekauka, unangoja masika. Maji yarudi nyuma yenyewe, nani anayasukuma?

SIKUZANI: Na mimi nilimwuliza hivyo hivyo. Alicheka mpaka akakaa chini, na koti wakati huo linakwenda. Lilikuwa limefungua mikono yote miwili, Makarius. Tulilifuata kwa boti, likazama mbele yetu, vifungo vikawaka mara moja.

MAKARIUS: Sikuzani, uliliacha pale kwa bahati mbaya?

SIKUZANI: Laini mbaya hii.

MAKARIUS: Mimi nakusikia vizuri.

SIKUZANI: Basi labda ni huku kwangu.

MAKARIUS: Haya. Tuache hapo. Sasa mimi na godoro langu tunafanyaje?

SIKUZANI: Ndiyo nimekupigia. Nikisema ni mimi, baba mdogo hatanisamehe. Dada kuchukua nguo ya marehemu kabla ya kuondoa tanga, kisha kuipoteza, hilo halina kuku wala pombe. Na Hildegarda atauliza kulikoni kisiwani, nami usoni sijui kuficha. Lakini wewe ukitangaza leo kwamba ulichukua—

MAKARIUS: Watasema nimechelewa kutangaza.

SIKUZANI: Watakufokea. Mtani anafokewa, hafukuzwi.

MAKARIUS: Kisha watasema, haya, lilete.

SIKUZANI: Waambie umelirudisha lilikotoka.

MAKARIUS: Kisiwani.

SIKUZANI: Kisiwani.

[Filimbi ya treni upande wa Kilosa.]

MAKARIUS: Yaani mimi, Makarius, niliyemwita mwongo miaka yote ile, nisimame Jumamosi mbele ya kijiji kizima niseme Yohana alikaa Makatumbe.

SIKUZANI: Sikulazimishi.

MAKARIUS: Unanilazimisha. Hildegarda akitolewa mkekani na habari ya kwamba mumewe hakuwa na nyumba hata ya kuku, atakwenda na uso gani kuvuna? Wanawake wa shamba la ujamaa unawajua. Watamwimbia.

SIKUZANI: Ndiyo maana.

MITAMBO: Ndugu, muda wenu unakaribia kwisha.

SIKUZANI: Tafadhali ndugu, kidogo tu.

MAKARIUS: Nitasema nililiiba usiku nikapanda treni, nikaenda mpaka Makatumbe nikalikunja mlangoni.

SIKUZANI: Hawataamini. Wewe ukivuka daraja la Mkondoa unafumba macho.

MAKARIUS: Wasiamini. Nitawaonyesha nilivyotapika, nilivyomkumbatia mzee wa boti, nilivyouliza maji nani anayasukuma. Watanicheka mimi mpaka wadondoke. Na wakinicheka mimi, Sikuzani, hawatapata nafasi ya kumcheka yeye.

SIKUZANI: Kaka Makarius.

MAKARIUS: Usianze kulia, simu hii ya serikali.

SIKUZANI: Silii.

MAKARIUS: Haya nipe vitu vya kusemea, upesi, Bwana Stesheni huyo anavuka reli. Ndege gani?

SIKUZANI: Kunguru, na wengine weupe wenye miguu mirefu, siwajui majina.

MAKARIUS: Nitawapa majina. Mawe?

SIKUZANI: Makali, yanakata miguu. Meusi, yana matundu kama mkate.

MITAMBO: Ndugu, nakata.

MAKARIUS: Na miti? Kuna mti hata mmoja?

SIKUZANI: Hakuna. Vichaka tu vya chumvi, na—

[Laini inakatika.]

MAKARIUS: Haloo. Sikuzani. Haloo.

MITAMBO: Mwenzako ameshaondoka, ndugu. Weka simu.

MAKARIUS: Naweka. Ndugu wa mitambo, wewe uko hapo Dar, nisaidie neno moja. Mtu anayekaa peke yake kisiwani, akitaka kivuli, angepanda mti gani?

MITAMBO: Mimi ni wa mitambo tu, ndugu. Labda mkungu.

MAKARIUS: Mkungu. Basi nitasema aliupanda mwenyewe, na sasa umekuwa mkubwa.