Koki ya Kulia

Njooni mkae hapa kitandani, Mwongeli upande huu, Kimeu upande ule, na wewe Kaleli uache kusimama mlangoni na hiyo spana kama umekuja kumfungua mtu, iweke chini, kaa, unisikilize mpaka mwisho bila kunikatiza, kwa maana gari la misheni limeshatumwa na kabla halijafika nataka niwe nimesema yote. Wifi yangu ataandika kwenye daftari. Andika kwamba mimi Ngina, mama wa hawa wawili na mke wa fundi wa mabomba, nina akili zangu timamu, na uchungu ukija mtanisubiri, na ukiondoka nitaendelea pale pale. Naogopa. Sioni haya kulisema. Mara iliyopita damu ilikataa kusimama na yule mtoto hatukurudi naye hapa Kamenu, na leo uchungu umeanza vilevile, kiunoni, kabla hata chai haijachemka.

Vyangu si vingi. Mwongeli mwanangu, kamusi yangu ya shule ni yako, na kile kitambaa cha meza chenye maua, na usikubali shangazi yako akikate kuwa nepi. Wifi, andika hilo pia, usicheke. Kimeu, wewe spana za baba yako utazipata siku yake yeye, kutoka kwangu utapata neno moja tu: ukiwa fundi wa mabomba, oa mwanamke asiye na pua. Miaka tisa nafua nguo za huyu mtu! Miaka tisa! Siku ile kiwanda cha nanasi kilipoziba, aliingia kwenye mtaro mwenyewe eti fimbo haitoshi, akatoka amepakwa utamu uliooza mpaka kwenye nyusi, akaja kwa miguu toka viwandani hadi mlangoni kwangu na nyuki wakimfuata nyuma kama bwana harusi na wapambe wake. Nikamwambia usiingie. Akaingia. Mwongeli aliumwa sikio, kovu si hilo hapo?

Na yule mzee wa duka aliyeangusha meno ya bandia chooni, mnamkumbuka. Baba yenu akayavua kwa waya, akageuka kuuliza sabuni iko wapi, na alipogeuka tena meno yamo mdomoni mwa mwenyewe, yanamwambia, "Asante sana fundi." Haya ndiyo niliyokuwa nikiletewa mezani jioni, wakati watu wanakula.

Lakini kilichonichosha kuliko vyote ni kuonja. Huyu mtu bomba akitaka kulijua haulizi, hasomi, analionja. Anaweka ulimi, anafumba macho, anasema, "Hili ni la mto," au, "Hili ni la tangi." Nami niliyekaa sekondari miaka miwili nikisomeshwa na masista mambo ya vijidudu, nikawa namwambia, Kaleli, utakufa, acha nikuandikie vibao, watu wastaarabu wanaandika. Nikaona nimeleta ustaarabu. Nikapiga rangi nyeupe na herufi nyeusi, nzuri, zilizonyooka, nikajisifu nazo.

Ngojeni. Ngojeni kidogo. Usinishike hapo, nishike mgongo.

Umepita.

Sasa Kaleli nitazame, maana ninalofikia ni la Ruiru, na hili sijamwambia mtu miaka minne.

Mwongeli, ulikuwa mdogo, na Kimeu hajazaliwa. Baba yenu alifanya kazi kwenye shamba moja la kahawa kule upande wa Mugutha, na nyuma ya nyumba ya Bwana palikuwa na koki mbili ukutani, moja ya maji safi ya tangi, moja ya maji yaliyooshea kahawa, yale yanayonuka kama tumbo la ng'ombe, ya kumwagilia maua. Baba yenu alitaka kila moja iwe na bomba lake. Memsaab akasema bomba la pili litaharibu bustani yake, yaungwe yote kwenye bomba moja, mwenye kufungua afungue kwa akili. Kwa akili! Basi yakaungwa, na mimi msomi nikaandika kibao, nikakipigilia katikati ya zile koki mbili: ASUBUHI FUNGUA YA KULIA.

Mwenye kufungua alikuwa mpishi, Macharia. Na koki ya kushoto, ile ya kahawa, ngozi yake ya ndani ilikuwa imekwisha, usiku na mchana inalia, twii, twii, mpaka mbwa wanaitikia. Macharia akasimama pale, akasoma kibao changu herufi kwa herufi, akatazama mbili zile, moja imenyamaza, moja inalia. Akafungua inayolia. Wewe ungefungua ipi?

Ndani alikuwa anaoga mgeni wa Bwana, mkubwa wa serikali, ana sabuni machoni, akavuta maji ya kusuuza. Nilikuwa jikoni, niliona kwa macho yangu: alitoka na taulo moja na maganda ya kahawa kwenye ndevu, ananguruma, na Memsaab anamfuata akipuliza manukato hewani kama anafukuza mbu. Nilicheka, Mungu anisamehe, nilijificha nyuma ya pipa la unga nikacheka mpaka nikauma kanga. Halafu wakamleta Macharia. Anarudia maneno yale yale, "Nimefungua ire inaria, Bwana! Kibao kinasema ya kuria, nami nimefungua ire inaria!" Na wewe Kaleli ukamcheka ulimi wake, ukasema, "Huyu kusoma anajua sana, amefanya makusudi." Kumbuka ulikuwa mwaka gani. Hali ya Hatari, na Mkikuyu amemwagia mtu wa serikali uchafu. Hawakumfukuza tu. Walimchukua akahojiwa wiki sita.

Nami nilikuwa nyuma ya pipa, na papo hapo nilielewa. Papo hapo. Kulia ni upande na kulia ni machozi, na mimi ndiye niliyeandika neno lenye vichwa viwili, na Macharia alilisoma sawasawa. Ningesema sentensi moja. Sikusema. Nilikuwa na Kimeu tumboni, nikaogopa utafukuzwa wewe, nikaogopa kuulizwa mbele ya wazungu msomi gani huyu, nikang'oa kibao nikakitia motoni nikakipikia ugali. Ugali ule mliula.

Usinitazame hivyo. Nimekwambia usinikatize, hata kwa macho.

Nikaendelea kunyamaza. Macharia akaachiliwa, akapata kazi ya kupika kwenye wodi ya kina mama hapa Thika, na wewe miaka hii yote ukikutana naye njiani unavuka barabara, na yeye anatema mate, watu wazima wawili kama majogoo, na mimi katikati nabeba sufuria naangalia chini. Nikasema haya yatapita. Hayakupita. Wiki iliyopita nani kaitwa kuweka mabomba mapya ya wodi? Wewe. Koki mbili nyuma ya ukuta, moja ya tangi la mvua, moja ya mto ya kuoshea mitaro, zote kwenye bomba moja tena, na huko mtoni mnajua nani anaoga na nani ananawisha ng'ombe. Mwenye kufungua kila asubuhi ni Macharia. Na kwa kuwa hutaki kufungua mdomo umwambie, ukaja hapa, "Mama Mwongeli, niandikie kibao." Nami nilikuwa na unga mikononi, mgongo unaniuma, nimechoka, nikaandika bila kufikiri. Nikaandika nini, Kaleli?

ASUBUHI FUNGUA YA KULIA.

Nimekumbuka leo alfajiri uchungu ulipoanza. Na jana jioni ulikuja ukisema, koki ya mto inalia, nitaibadilisha ngozi Jumatatu.

Umeelewa sasa. Sawa. Basi jua pia kwamba maji hayo ndiyo watakayonioshea, na ndiyo watakayomwogeshea mtoto huyu, akija.

Tena. Inakuja tena. Mwongeli, hesabu. Hesabu kwa sauti.

Haya, sina pumzi ya kupamba, nitasema kwa kifupi. Chukua baiskeli, tangulia gari. Kibao uking'oe. Usiandike kingine, maandishi nimeyachoka. Mtafute Macharia jikoni, mwamkue kwanza wewe, umwambie mbele ya wapishi wenzake kwamba hakukosea, mke wangu ndiye aliyekosea akanyamaza. Taja jina langu. Akikutukana, pokea, ni haki yake. Halafu mpeleke ukutani, fungua ile ya tangi, kinga kikombe kimoja, wewe onja, naye aonje. Ndiyo, nimesema onja. Miaka tisa nimekukataza, leo nakuomba. Mpaka ulimi wake uijue kama wako.

Lete mkono. Si huo, huu wenye kovu la moto. Huu ndio kulia. Hakuna machozi hapa, ni mkono tu. Mwonyeshe hivi, kwa kuunyosha, asiulize neno.

Mbona bado umekaa? Nenda!

Wifi, wewe watoto hawa utakaa nao, kitambaa cha meza umekisikia. Mwongeli, nisiporudi, usiache shule kwa sababu yangu, lakini ukiandika kitu msomee mtu mwingine kabla hujakipigilia. Kimeu, punguza kumvuta dada yako nywele. Njooni, inamisheni vichwa, mkono wangu haufiki. Mungu awatangulie, Mungu awafuate, awe kulia kwenu, awe kushoto, awape maji safi popote mtakapokuwa, na watu wa... na watu wa kuwaambia ukweli mapema. Mapema, si kama mimi. Amina. Semeni amina.

Hiyo ni kengele ya baiskeli? Ni yeye? Andika, wifi, amekwenda. Na gari nalo hilo, nalisikia kwenye kona. Nishikeni, niinueni polepole. Angalia chini hapo, Kimeu, asijikwae mtu. Spana ameiacha.

Ameiacha. Basi kweli amekwenda kusema.