Farasi Mwenye Mshipa

Benchi langu lilikuwa mlango. Mlango wa stoo iliyobomolewa, tukaulaza juu ya matofali mbele ya birika langu la kahawa, na kitasa chake bado kipo. Anayekikalia kwa bahati mbaya hukumbuka. Nauza kahawa kona hii tangu mume wangu yu hai na ana meno, kwa hiyo wapumbavu wote wa hapa nawajua kwa namna wanavyokaa. Kisu, muuza nyama, hukaa katikati kwa sababu ya mwili. Fyuzi, fundi umeme, hukaa mwisho karibu na kitasa. Bomba, fundi wa mabomba, hakai kabisa. Huegemea ukuta, kikombe mkononi, eti kuna kazi anaiwahi, ingawa sijaona siku hata moja kazi ikimtafuta yeye. Asubuhi hiyo wote watatu walikuwa wanamkodolea macho farasi.

Farasi ni wa Taratibu, mchukuzi wa mizigo, aliyemwoa dada yake Fyuzi. Zamani mkokoteni aliuvuta mwenyewe, kifua mbele, mpaka mgongo ukapinda kama kulabu. Mjomba wa mkewe alipohama akamwachia farasi, na mgongo ukaanza kurudi mahali pake. Sasa Taratibu kaja na uso wa msibani, kamfunga mnyama kwenye nguzo, na anataka kumtoa. Bomba kamwahidi kubadilishana: lete farasi, chukua pikipiki. Pikipiki hiyo mara ya mwisho kunguruma, mjukuu wangu mkubwa alikuwa hajaota meno. Leo ananyoa ndevu.

Taratibu: Bibi, nitilie kahawa. Farasi wangu ana mshipa.

Mimi: Wa ngiri?

Taratibu: Wa mguu wa nyuma, Bibi. Akisimama tu anaulegeza, kwato inagusa chini kwa ncha. Mguu unakufa.

Hapo ndipo maneno yalipoharibika. Lugha yetu hii ina huruma sana: wa damu ni mshipa, wa fahamu ni mshipa, kano nayo ni mshipa, na mwanamume akiona haya kuutaja ugonjwa wake, naye ana mshipa. Kila mmoja benchini akajichukulia wake.

Fyuzi: Mshipa wa fahamu huo, shemeji. Mimi mwenyewe niliumwa nyonga, daktari akanionyesha picha. Kuna waya mmoja mnene unatoka kiunoni, unapita nyuma ya paja, karibu na goti unagawanyika. Mmoja unakwenda mbele, mwingine nyuma. Huyo kapiga shoti.

Bomba: Acha umeme wako. Mshipa ni wa damu. Ateri inashuka ndani ya paja, ikifika nyuma ya goti hapo kuna tii, bomba moja linazaa mawili. Uchafu umenasa kwenye tii. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Kama maji tu yanaziba, sembuse damu?

Kisu: Wahenga hawakusema hivyo kwa ajili ya mabomba.

Bomba: Wewe uliwauliza?

Kisu akaweka kikombe chini. Kisu akiweka kikombe chini, jua anataka kuchinja mtu.

Kisu: Niacheni mimi ninayeshika nyama kila siku. Ng'ombe na farasi ni ukoo mmoja, mmoja kapewa pembe, mwingine kapewa maringo. Nguvu yote iko juu: makalioni, na ile misuli mirefu ya nyuma ya paja. Ukishuka chini ya kile kifundo hakuna nyama hata ya kumpa paka. Kano tupu. Sasa kano imekaza, nayo ilitakiwa kulainishwa mapema. Samaki mkunje angali mbichi.

Fyuzi: Kifundo kipi? Lile si goti lake? Linalokunjika kinyumenyume?

Kisu: Kile ni kisigino.

Fyuzi: Kisigino kipo juu hivyo?

Kisu: Farasi anatembea kwa kidole, ndugu yangu. Goti lake liko huko juu, karibu na tumbo.

Wakacheka mpaka Fyuzi akakikalia kitasa. Taratibu peke yake hakucheka. Alikuwa anaisokota kamba ya farasi mkononi, na mgongo, naapa, ulikuwa umeanza kupinda tena.

Taratibu: Sasa atapona au hatapona? Maana nikimkosa huyu, narudi kuuvuta mkokoteni mwenyewe.

Bomba: Ndiyo maana nakwambia chukua pikipiki. Pikipiki haina mishipa.

Mimi: Wala haina injini.

Bomba: Ina injini, Bibi. Imepumzika tu.

Fyuzi: Shemeji usikubali haraka. Tatizo ni hizo kwato zilizopigiliwa vyuma. Umeme wa mwili wote unashuka kwa ule waya mnene, unafika kwenye chuma, unaishia ardhini. Mvalishe ndala za mpira miguu yote, baada ya siku mbili anacheza.

Kisu: Mimi ningemfunga jiwe mguuni, kano ivutike. Bandu bandu huisha gogo.

Bomba: Jiwe litamuua. Damu imelala chini, haina pampu ya kuirudisha. Dawa ni kumsimamisha mlimani, kichwa chini makalio juu, iteremke yenyewe. Lakini kazi hiyo inataka mtu mwenye subira, si Taratibu mwenye watoto. Nipe mimi niteseke naye.

Mimi: Katika nyinyi watatu, nani kamgusa huyo mnyama?

Fadhila za punda ni mateke, na hakuna aliyetaka kujua za farasi ni nini. Tangu asubuhi walikuwa wanaupasua mguu mzima, misuli, waya na mabomba, kutoka hatua kumi, vikombe mikononi.

Taratibu akashusha pumzi, akainyoosha kamba kuelekea kwa Bomba. Bomba akanyoosha mkono upesi kuliko nilivyowahi kumwona akienda kazini. Mkono ukiwa hewani, akatokea mwanamke mmoja mshona nguo, mgeni wa kona yetu, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni.

Mshona nguo: Shikamoo Bibi. Nimeambiwa hapa kuna mwenye mkokoteni. Nahamisha kabati langu.

Mimi: Marahaba, mwanangu. Mwenyewe huyu, ila farasi wake ana mshipa.

Mshona nguo: Pole, kaka. Kabati lina kioo kizito upande mmoja. Nataka kioo kikae upande wa mguu mzima. Mguu mbovu ni upi?

Kisu: Kushoto.

Fyuzi: Kulia.

Walisema kwa mpigo mmoja. Wakatazamana.

Bomba: Kushoto. Nimeuona mwenyewe jana.

Fyuzi: Na mimi nimeuona leo, kulia, kwa macho haya.

Mshona nguo: Mwenye mnyama anasemaje?

Taratibu: Juzi ulikuwa wa kushoto, dada. Jana asubuhi wa kulia, jioni wa kushoto. Nikajua tu, ugonjwa unasambaa.

Farasi, ambaye hakuna aliyemuuliza, akashusha pumzi ndefu kama mama mkwe aliyechoka na wageni. Akaukanyagia chini mguu wa kulia. Akatikisa mkia. Akaulegeza wa kushoto, kwato kwa ncha, akafumba macho.

Nikaliacha birika lichemke, nikamgeukia mwenye farasi.

Mimi: Taratibu, alikujaje hapa?

Taratibu: Kwa miguu, Bibi. Tumepanda kilima kile.

Mimi: Akichechemea?

Taratibu: Hapana. Akitembea hana neno. Ni akisimama tu.

Mimi: Mwanangu, mimi nimesimama kwenye jiko hili maisha yangu yote. Nyonga hii ikichoka, namtupia mzigo mwenzake. Hujaniita nina mshipa. Tangu lini donda likaamka asubuhi likahamia mguu wa pili? Huyo amepumzika. Watatu nyinyi hamna hata mmoja aliyetambua mapumziko, na ndiyo kazi yenu.

Taratibu akairudisha kamba kifuani, taratibu kama jina lake. Mgongo ukanyooka, kipande kwa kipande.

Bomba: Lakini Bibi, mtu mzima wa afya hasimami mguu mmoja hivyo.

Nikamtazama kuanzia kofia hadi viatu. Kaegemea ukuta wangu, mguu wa kushoto kaulegeza, ncha ya kiatu tu ndiyo inagusa chini. Nikanyoosha kijiko.

Mimi: Na wewe nikubadilishe na nini?

Wote wakamgeukia mguuni. Bomba akauangalia mguu wake kama kaletewa na mtu. Akaukanyagia chini vizuri, akakohoa, akanywa kahawa iliyokwisha. Kisha, polepole, bila yeye mwenyewe kujua, akaulegeza wa kulia.

Taratibu: Unasambaa.

Akamfungua farasi wake, wakaenda kulichukua kabati.