Sista Plasta na Binti Aliyetoka Getini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka muuguzi aliyetuaga wiki iliyopita. Hospitalini walimwita Sista. Shuleni wanafunzi walimbatiza Sista Plasta, na jina likamganda kama plasta yenyewe.

Alifanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi. Mumewe anakumbuka: "Alirudi miguu imevimba, anasinzia na kijiko mkononi. Binti yetu alimzoea mama aliyelala kuliko mama aliye macho."

Basi shule ya bintiye ilipotafuta muuguzi, akaomba. Akapata. Wenzake wodini wakamtania: "Dada, unakwenda kupuliza magoti ya watoto!" Akacheka nao.

Chumba chake kilikuwa kando ya stoo ya madawati. Kitanda kimoja, sinki, pazia. Asubuhi ya mtihani wa hesabu matumbo yaliuma darasa zima, na kengele ya mapumziko ikilia, yote yalipona. "Hesabu inaua watu, baba watoto," alimwambia mumewe.

Lakini wodini hakuwahi kuamua peke yake. Kulikuwa na daktari, kulikuwa na matroni. Shuleni alikuwa peke yake. Na hapo ndipo yalipomkuta.

Siku moja alikuja msichana aliyeketi dawati moja na bintiye, akilalamika mgongo. Alikuwa yatima, akilelewa na baba yake mdogo. Sista akamwinulia blauzi. Mgongoni alama za mkanda, mpya juu ya za zamani.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Nimeanguka bafuni, Sista."

"Bafuni hamna mkanda, mwanangu."

Mtoto akaangua kilio. "Usimwambie mtu. Akijua nimesema, ataniua."

"Niachie mimi," Sista akamjibu.

Akaenda kwa mwalimu mkuu, kama alivyozoea wodini: ukiona jambo, mpelekee mkubwa wako. Akataka watu wa ustawi wa jamii waitwe. Mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa. Kumbe akampigia simu baba mdogo. "Tuyamalize kifamilia," alisema.

Yule bwana akaja, shati limenyooshwa, akashukuru kila mtu. Akamshika mtoto mkono, wakatoka getini. Narudia, wasikilizaji: wakatoka getini, mchana kweupe, watu wazima wakitazama. Sista alikuwa akifunga kidonda cha mtoto mwingine. Alipopata habari alikimbia na glovu mkononi. Walikuwa wameshakwenda.

Kesho yake alifika nyumbani kwao na afisa wa ustawi. Kufuli mlangoni. Jirani akasema wamehama, hajui wapi. Polisi walitafuta. Msichana hakupatikana.

Bintiye anasema: "Nilimwambia mama, 'Alikuamini, ukamuuza.' Tukaishi nyumba moja kama wapangaji. Mama alihamia shuleni kwa ajili yangu, na shuleni ndiko nilikomkosa."

Hospitali ilimwita arudi. Akakataa. "Yule mtoto akija kunitafuta pale aliponiacha," alimwambia mumewe, "amkute nani?"

Tangu hapo, mtoto akija na alama, Sista alimshika mkono mwenyewe hadi ustawi wa jamii. Ofisi ya shule ilijua baadaye. Mwalimu mkuu akampa onyo, kisha onyo la pili. "Mwalimu, maji yaliyomwagika hayazoleki," alimjibu. "Lakini mtungi mwingine sitauachia mtu auangushe." Wako watoto waliopona kwa ukaidi huo. Lakini yeye alimtaja yule mmoja tu, aliyetoka getini.

Figo zilipomlaza, bintiye ndiye aliyemuuguza. "Nilimwambia sina kinyongo tena," anasema. "Akaniuliza, 'Umesikia habari za mwenzako?' Nikasema sijasikia. Akasema, 'Wodini mgonjwa akitoka, hata akitoka maiti, tulijua amekwenda wapi. Huyu sijui.' Akageukia ukutani."

Kwa mumewe, kwa bintiye, kwa wauguzi wenzake: poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Mungu ampe pumziko ambalo hapa hakulipata. Nasi tuliobaki tujiulize: mtoto akikuonyesha mgongo wake leo, utampigia nani simu?

Na wewe binti uliyetoka getini, ambaye sasa u mtu mzima, kama uko hai na kuna redio karibu nawe: hakukuuza. Alikosea mlango wa kubisha, kisha akakutafuta hadi pumzi ya mwisho. Mwenzako wa dawati moja ameketi hapa studio, mbele yangu. Anakungoja.