Homa Mbili katika Mwili wa Salma

Assalamu alaykum. Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenichelewesha!

Ilikuwa saa tisa na dakika arubaini na moja alasiri nilipofika duka la dawa la Bi Mwanaidi, hapa Mtambile, noti yangu mkononi.

Ndugu zangu, nilikuwa nimechanganyikiwa. Siku tano kabla, binti yangu Salma, wa miaka minane, alipimwa kituo cha afya akakutwa na malaria. Alimaliza dawa yote, na kila dozi niliiandika kwenye daftari kwa saa yake. Homa ikashuka, kisha ikarudi. Akalia mifupa, akalia nyuma ya macho, ngozi ikatoka vipele vyekundu. Nililisoma lile daftari mpaka likanichosha. Dawa mbovu? Nimekosea dozi? Mama mkwe wangu alisema ni jicho la watu. Sikumkubalia, lakini jibu langu mwenyewe sikuwa nalo. Kipimo kilishasema malaria, basi kila maumivu niliyahesabu kuwa ni malaria. Sikujiuliza kama mtoto mmoja anaweza kubeba maradhi mawili kwa pamoja.

Nikaamua kununua asprini nimtulize mifupa. Bi Mwanaidi alikuwa anafunga mlango.

"Nipe mara moja tu, Bi Mwanaidi, mtoto anaumwa."

"Mzee wa daftari, adhana hiyo! Saa hii hukuiandika? Kasali, vidonge havina miguu."

Wallahi nilisali na hasira. Natoka msikitini, simu ya mke wangu inaita: Salma anatoka damu kwenye fizi.

Sikurudi dukani. Tulimkimbiza hospitali Chake Chake. Vipimo vikaonesha malaria bado ipo kidogo, na juu yake homa ya dengi, ile wazee wetu wanayoiita kidingapopo. Daktari akaniuliza, "Mmempa asprini?"

"Nilikuwa naifuata."

Akaweka kalamu chini. "Mshukuru Mola wako, mzee. Hiyo ingemzidishia kutoka damu."

Siku nne Salma alilazwa na dripu. Leo yuko chuoni, anasoma Kurani na wenzake. Alhamdulillahi!

Mpaka sasa nina maswali. Mbu wa malaria huuma usiku, na vyandarua tunavyo. Lakini wa dengi huuma mchana, na huyo nilimfuga mwenyewe: mapipa matatu ya maji ya udhu, hayana vifuniko, na mimi nikijisifu kwamba nyumba yangu haikosi maji. Vipi sikuwaona viluwiluwi wa mbu mle ndani? Nilikuwa nikichota hapo mara tano kwa siku!

Ndugu zangu, mtegemeeni Allah, na mapipa myafunike. Homa ikirudi baada ya dawa, rudini hospitali, msikisie kama nilivyokisia mimi. Asprini ile sikuinunua hata siku moja. Noti yangu ilirudi nyumbani nzima: shilingi elfu moja.