Chacha Kutub na Jezi Namba 41

Tarehe 28 Februari, Kutub Uddin Laskar atakabidhi funguo za stoo ya vifaa na kutoka uwanjani akiwa ametimiza miaka ishirini na tisa ya kazi. Kumi na sita alikuwa dobi na mlinzi wa stoo ya chama cha michezo cha wilaya. Kumi na tatu amekuwa mtunza jezi wa timu yetu ya kriketi, Machhranga wa Surma, tangu siku timu ilipoundwa na kupewa jina la yule ndege wa buluu anayevua samaki kwenye mto Surma. Katika miaka yote hiyo amekosa kazi siku mbili tu: siku aliyozaliwa bintiye Rahela, na siku ya mafuriko, maji yalipomfika kifuani akiwa bado anasukuma baiskeli kuja kazini.

Wachezaji wote, wazawa na wageni, wamemwita Chacha, kana kwamba ni mdogo wa baba wa kila mmoja wao. Hutafuna tambuu tangu asubuhi, na hakuna tone moja jekundu lililowahi kudondokea jezi. Wakongwe wanakumbuka siku suruali ya mpigaji wetu wa kwanza ilipopasuka katikati ya mechi. Chacha alikimbia uwanjani na sindano mdomoni, akaishona huku watu wawili wameshika taulo, na mpira uliofuata ukapigwa hadi paa la jukwaa. Wanakumbuka pia yule mgeni kutoka visiwa vya Karibi aliyekataa soksi zake zioshwe, eti zina bahati.

"Bahati yako inanuka, mwanangu," Chacha alimwambia. "Hata wapinzani wanaisikia."

Mhariri wa jarida hili aliniomba kurasa mbili za furaha, na ningeishia hapo. Lakini nilimpelekea Chacha rasimu, akaisoma yote akiwa amesimama, akanirudishia.

"Mama, umeandika soksi, umeandika suruali," alisema. "Msimu wa ukungu uko wapi? Kama huuandiki huo, usiandike kitu."

Basi nauandika. Mimi ni Nasima Chowdhury, mwandika alama wa timu hii. Mengine niliyaona kwa darubini yangu. Mengine nilisimuliwa na Chacha, na Pijush Kairi mwenyewe, mvaaji wa jezi namba 41, aliyeniruhusu nitaje jina lake.

Ulikuwa msimu wa kumi. Kila Januari ukungu hupanda kutoka mtoni na kufikia saa nne asubuhi huwa umeshaondoka. Mwaka ule uliondoka saa sita na kurudi saa kumi, kabla timu ya pili haijamaliza kupiga. Tulikuwa na kikosi cha watu kumi na wanane. Nahodha alikuwa Rezwan Sikder, mtu wa maneno machache. Kulikuwa na wageni watatu waliovaa sweta mbili mbili, na mlinda wiketi, mdakaji wa nyuma ya vile vijiti vitatu, aliyeropoka toka mpira wa kwanza hadi wa mwisho. Wa mwisho kwenye orodha, namba 41, alikuwa Pijush, mwenye miaka ishirini na minne, mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka shamba la chai kule ng'ambo ya Srimangal. Mama yake ni mchuma chai. Kila tulipocheza, shamba zima lilikusanyika mbele ya televisheni moja kumsubiri atokee, na kila mara Pijush alikuwa kwenye benchi, kando ya kasha la barafu, amevaa kizibao cha njano cha wachezaji wa akiba juu ya jezi yake.

Tulipoteza mechi mbili za kwanza. Asubuhi baada ya ile ya pili, Chacha alikuwa akizigeuza nguo kwenye sakafu ya kufulia, akakuta kiwiko cha kushoto cha jezi 41 kimejaa kijani cha nyasi, na suruali ina matope magotini.

"We Pijush! Jana ulikuwa unagaagaa wapi?"

"Sijagaagaa popote, Chacha. Nilikaa pale kwenye kasha la barafu, kila mtu ameniona."

"Kasha la barafu linaota nyasi siku hizi?"

Wenzake walicheka, naye Pijush akacheka. Kisha akaushika ule mkono wa jezi, akaunusa, na kicheko kikamwishia.

Mechi ya tatu Chacha aliweka stuli yake hatua mbili kutoka kwa Pijush na hakutazama mchezo. Wenzetu walipoanza kulinda uwanja, Pijush alinyamaza. Macho yalikuwa wazi, yameganda upande wa kushoto, kule mbali kwenye mpaka wa uwanja. Chacha alimwita mara tatu bila jibu. Akamgusa mkono, akakuta umepoa kama jiwe la kisimani. Mpira wa mwisho uliporushwa, Pijush alivuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Chini ya kizibao kikavu, jezi ilikuwa imelowa jasho, na kiwiko kilikuwa kijani tena.

"Ulikuwa wapi?" Chacha alimuuliza polepole.

"Sijui. Miguu inaniuma."

Hiyo nayo tulishindwa. Mechi ya nne ndiyo niliyoiona mimi.

Ukungu ulikuwa umeshameza upande wote wa kushoto. Mpigaji wao hatari aliubamiza mpira juu, ukaingia katika ule weupe, na haukuanguka. Mwamuzi wa pembeni akainua kidole: ametoka, amedakwa. Nikashika redio kuuliza jina, maana lazima niandike jina.

"Nani kadaka?"

Wachezaji wakatazamana. Hata mlinda wiketi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuwa na la kusema.

"Si mimi," Rezwan alisema, naye ndiye aliyekuwa karibu zaidi. "Mimi nimesikia tu mpira ukitua mkononi mwa mtu."

Mwamuzi aliapa kwamba aliona mikono miwili na jezi ya buluu, uso hakuuona. Halafu mpira ukarudi kutoka ndani ya ukungu, wa chini, ukipinda jinsi unavyopinda ukitupwa na mtu wa mkono wa kushoto. Upande ule hatukuwa na mtu wa mkono wa kushoto.

"Nyie mko kumi na wawili!" mpigaji akafoka. "Wahesabuni! Wahesabuni hapa hapa!"

Wakapangwa mstari, wakahesabiwa mara mbili. Kumi na mmoja. Katika kitabu changu niliandika "amedakwa" na mbele yake sikuandika jina. Ndiyo nafasi pekee tupu katika vitabu vyangu vyote.

Tulishinda siku ile. Ya tano tukashinda tena, mpira ulipotupwa kutoka mahali pasipo na mtu ukavunja wiketi. Ya sita, mpira uliokuwa ukikimbilia mpakani ulisimama ghafla kwenye nyasi, ukainuka. Wachezaji waliacha kuulizana. Nilisikia kwa redio Rezwan akimtuma mtu asogee upande wa kushoto, na yule akamjibu bila hata kugeuka:

"Huko acha, nahodha. Huko kuna mtu."

Mji ulikuwa ukishangilia. Aliyekuwa akitazama kile kiti kando ya kasha la barafu ni Chacha peke yake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiipunguza suruali ya Pijush. Baada ya mechi ya nne aliipunguza vidole viwili kiunoni. Baada ya ya tano, vitatu. Pijush alisema wali una ladha ya karatasi. Mama yake akipiga simu, alimwambia tunashinda, kisha akakata.

"Chacha, nikikaa pale naiona miguu yangu kule," alisema siku moja akipimwa, pini zimejaa mdomoni mwa Chacha. "Mwanzoni nilifurahi. Sasa mechi ikiisha nachelewa kurudi."

Mechi ya saba Chacha aliificha jezi 41 ndani ya sanduku na kulifunga kwa kufuli. Pijush alikaa na sweta la kahawia alilofumiwa na mama yake. Tulishinda kwa alama nne tu, mikimbio minne. Jioni sweta lilikuwa na nyasi kiwikoni, na mwamuzi alipita mlangoni kwetu akauliza, kwa upole tu, kwa nini mdakaji wetu mmoja alikuwa amevaa kahawia.

Ilibaki mechi moja. Tukishinda, tunaingia nusu fainali. Asubuhi ile Chacha, ambaye hajawahi kumwambia kocha yeyote nani acheze, alibisha mlango wa Kocha Mahbub Talukder.

"Talukder sab, bwana wangu, mpange Pijush leo."

"Pijush?" Kocha hakuinua kichwa. "Pijush ananifaa pale alipo."

Chacha anasema hapo ndipo alipoogopa kweli. Mpaka hapo alikuwa akidhani kocha hajui.

"Anakwisha, sab. Njoo umtazame."

"Mechi tatu tu, Chacha. Tukichukua kombe nampeleka kupumzika hata mwezi mzima. Wewe una jezi zako, mimi nina timu yangu. Tusiingiliane."

"Na mama yake utamwambia nini?"

"Nimesema tusiingiliane."

Chacha alitoka, akamfuata Rezwan aliyekuwa akielekea uwanjani kurusha sarafu na nahodha wa wapinzani. Karatasi ya majina husainiwa na nahodha, na ilikuwa mfukoni mwake. Chacha hakumwambia habari za majini wala za roho. Alimwekea mkononi suruali ya namba 41.

"Nimeipunguza mara tatu, mwanangu. Tazama mshono. Mara ya nne hakuna tena kitambaa cha kukunja."

Rezwan aliitazama ile suruali, kiuno chembamba kama cha mtoto wa shule. Mechi nne mfululizo alikuwa amesikia mtu akihema nyuma yake ndani ya ukungu, na hakuwa amemwambia yeyote. Akatoa kalamu, akakata jina la mgeni mmoja, akaandika Pijush Kairi.

Nilimwona Pijush akitoka langoni pamoja na wenzake, ameshika mkanda wa suruali kwa mkono mmoja. Alitembea kama mtu anayejaribu barafu nyembamba. Ova yake ya kwanza, mipira sita tu, walimpiga mikimbio kumi na tisa. Jukwaa lilimzomea. "Rudi ukachume chai!" Kocha alikuwa amekunja mikono, hamtazami mtu. Saa kumi ukungu ukashuka, na Rezwan akampeleka upande wa kushoto, kwenye mpaka.

Mpira wa mwisho wa mechi, wapinzani walihitaji mikimbio miwili. Mpigaji wao aliupiga juu kabisa, taratibu, mpira ambao mtoto angeudaka. Ulikuwa ukimshukia Pijush. Kwa darubini, ukungu ukiwa umepungua kidogo, niliona mikono yake ikifunguka. Ulitua viganjani, ukaruka, ukaangukia nyasi, nao wakakimbia mara mbili.

Tulimaliza nafasi ya tano. Msimu uliishia pale.

Katika chumba cha kubadilishia nguo, Chacha anasema, wachezaji walivua viatu bila kuangaliana. Kisha Pijush, machozi yakimtiririka, akauliza kama kuna chakula. Walimletea wali na mchuzi wa samaki, akala sahani mbili, akilia na kucheka kwa pamoja, na mlinda wiketi akapata sauti yake.

"Kula, kula! Mpira umeuachia, angalau samaki umshike!"

Chacha alimshika mkono. Ulikuwa wa moto.

Miezi kadhaa baadaye nilimuuliza Pijush ilikuwaje akaachia mpira rahisi vile.

"Dada Nasima, nilitazama mbele yangu kama kuna mtu," alinijibu. "Msimu mzima kulikuwa na mtu mbele yangu. Siku ile hapakuwa na mtu. Nilikuwa mimi tu. Nikashtuka."

Chacha alipata barua ya onyo kwa kuingilia kazi isiyomhusu, akahamishiwa uwanja wa mazoezi msimu mzima, akifua vizibao. Hakulalamika, na hakuomba radhi. Kocha Talukder aliondoka mwaka uliofuata. Siku ya kuondoka alisimama muda mrefu mbele ya mlango wa stoo, kisha akaenda zake bila kubisha. Rezwan alipoulizwa na wenye timu kwa nini aliandika jina lile, alijibu kwamba aliliandika kwa hiari yake na angeliandika tena. Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa.

Tangu aliporudi Chacha ameosha jezi za misimu miwili mingine, ametuona tukitwaa kombe mara moja, na ameshona vifungo ambavyo hakuna anayejua idadi yake. Amemfundisha kazi Shamim Ahmed, atakayeshika nafasi yake, na kitu cha kwanza alichomfundisha ni kuanza kwa kuzikagua jezi za wasiocheza. Shamim aliuliza sababu. Chacha alimwambia: kwa sababu hao hakuna anayewakagua.

Sasa anahamia kwa Rahela, Srimangal, kwenye nyumba yenye bwawa na mabata kumi na mmoja, na ameshaanza kulalamika kwamba mabata hawajipangi mstari. Pijush, aliyenenepa mashavu na anayefundisha kriketi watoto wa mashamba ya chai, atakuja mwenyewe na gari kumbebea sanduku lake.

Kwa niaba ya wachezaji, wafanyakazi na sote uliotufulia, kututengenezea na kutuona: ahsante, Chacha. Ulituhesabu sote, hata tulipokuwa tumekaa kimya kwenye benchi. Nenda ukakae, nasi tunakuombea afya, wajukuu wenye kelele, na asubuhi nyingi zenye jua.

Nasima Chowdhury
Mwandika alama