Kumuaga Muzee Kimya wa Katindo

Mheshimiwa Chef wa Quartier, mkuu wa mtaa wetu, uliyekubali kuja kuketi nasi ingawa barua yetu ya mwaliko haikukueleza vizuri anayestaafu ni nani; Mama Victoire, mwenye ukumbi huu na mlezi wa klabu yetu; papa na mama wazazi wetu; dada yetu Apolline, fundi wa programu ambaye bila yeye tungekuwa bado tunacheza karata; ndugu wageni waalikwa mliotoka Himbi, Birere na hata Lac Vert kwa barabara hii mnayoijua; wachezaji wenzangu, mlioshinda na mlioshindwa; na wewe mwenyewe, Muzee Kimya, uliyewekwa mezani pale ukafunikwa kitenge kama bibi harusi: nawasalimu wote, kila mutu kwa cheo chake na heshima yake.

Mheshimiwa Chef, nimekuona ukitazama mlangoni tangu ulipofika, ukimngoja mstaafu aingie. Ameshaingia. Yumo ndani ya hiyo ordinateur, kompyuta iliyofunikwa kitenge. Tunayemuaga leo ni mpinzani wetu wa mashini, aliyetupiga, akatunyima usingizi wa mchana na kutufundisha adabu kwa zaidi ya miaka mitatu, na kama kuna mutu humu ndani anayeona ni wazimu kuiaga programu ya ordinateur kwa soda na hotuba, namwomba anivumilie hadi mwisho, kisha acheke akiona bado panachekesha.

Mimi naitwa Florent. Novemba ya mwaka elfu mbili ishirini na mbili nilichaguliwa nahodha wa klabu hii. Kwa ajili ya wazazi, nieleze mchezo wenyewe kwa ufupi. Tunauita Milki za Mbali. Kila mchezaji hupewa sayari moja, meli chache za angani, na anga kubwa yenye giza asilolijua. Atafute mafuta ya meli zake, ajenge, apigane akilazimika, na zaidi ya yote afanye mikataba na majirani, kwa sababu hakuna milki inayoweza kupigana pande zote kwa wakati mmoja. Wachezaji tukiwa wachache, mashini huchukua milki moja, au hata kadhaa, na kuziongoza yenyewe. Jirani huyo wa mashini ndiye Muzee Kimya. Tulimpa jina hilo kwa sababu Apolline alimpa maneno matatu tu ya kuandika kwenye skrini: “Nakubali”, “Sikubali” na “Pole”.

Sasa nani asiyejua mashini za michezo mingine zinavyoshinda? Zinaiba! Zinaona gizani pale wewe usipoona, zinaongezewa mafuta kwa siri, halafu unajilaumu kwamba huna akili. Apolline alikataa. Nakumbuka tulimshauri ampe Muzee macho ya ziada ili awe mkali, naye akatujibu bila kuinua kichwa: “Mashini yangu haitaiba. Ikipigwa, ipigwe kwa haki.” Basi Muzee Kimya aliona kile tu ambacho meli zake ziliona. Alikosea kama sisi, alipotea kama sisi, na bado alitupiga. Alipigana vipi? Hakuja mahali ulipojenga ngome. Alikwenda taratibu kwenye vituo vyako vya mafuta, kimoja, cha pili, cha tatu, na siku ulipotaka kutoa jeshi lako zuri lote, ulikuta meli hazisogei. Meli yake ikijeruhiwa, aliirudisha nyumbani itengenezwe; hakuna hata moja aliyoitupa kwa hasira. Niwaulize wenzangu: ni wangapi kati yetu tuliowahi kurudisha meli nyumbani badala ya kuitupa kwa hasira? Naona mnatazama viatu.

Lakini ndugu zangu, si mapigano yaliyomfanya astahili sherehe.

Mnaikumbuka Mei ya elfu mbili ishirini na moja. Jumamosi volkano yetu ya Nyiragongo ikatema moto, na siku chache baadaye tukaambiwa tuhame mji wa Goma, na mji mzima ukaingia barabara ya Sake na magodoro kichwani. Apolline alibeba ordinateur mgongoni, ndani ya kitenge, na akina mama njiani walimwuliza mtoto ana miezi mingapi. Alipokelewa Sake na familia asiyoijua, iliyokuwa kwenye matanga ya baba yao. Wenyewe wana kilio, na bado walifungua mlango. Akiwa pale aliona jambo. Jirani wa familia ile, waliyegombania naye mpaka wa shamba kwa miaka, alikuja na sufuria ya maharagwe, akaketi, akalia pamoja nao, na siku zote za matanga neno la mpaka halikutajwa. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Ilikuwa inajulikana tu.

Apolline aliporudi Goma alimwandikia Muzee Kimya kanuni mpya. Jirani akipoteza sayari, hata kama mna vita, Muzee husimamisha mapigano zamu saba, hutuma meli moja ya chakula, na huandika “Pole”. Kwa mujibu wa wataalamu wote wa michezo ya vita, hilo ni kosa la kitoto, maana adui akianguka ndipo unapomkanyaga. Tulimwambia hivyo. Alituambia twende tukawaeleze watu wa Sake.

Na hapa, Mheshimiwa, hotuba inaanza kuniwasha mwenyewe.

Desemba ya mwaka ule, kwenye fainali ya klabu, ukumbi huu ulijaa hadi madirishani. Muzee Kimya alikuwa amenibana, mafuta yangu yamekwisha, nimebakiwa na zamu chache niuawe. Nikakumbuka ile kanuni. Nilikuwa na sayari moja ndogo, maskini, watu wachache. Nikailipua mwenyewe. Ndiyo, sayari yangu kwa mkono wangu. Muzee Kimya akasimamisha vita. Akaandika “Pole”. Meli ya chakula ikaja, nikapokea chakula, nikalisha askari, na zamu ya tatu ya matanga nikapiga makao yake makuu huku meli zake zote zimetulia. Nikawa bingwa. Mulinibeba mabegani, musijifanye mmesahau!

Mama Victoire peke yake hakupiga makofi. Alikuwa pale kwenye friji ya soda, akaniambia mbele ya watu: “Florent, umekula chakula ya matanga, kisha ukabeba na masufuria. Huna haya?”

Tulidhani Apolline ataifuta kanuni. Hakuifuta. Alimwongezea Muzee kumbukumbu. Tangu siku ile Muzee aliandika kila mkataba, nani alitia sahihi, nani alivunja, na milki zote za mashini zikawa zinasoma daftari moja. Mchezo uliofuata nikajaribu tena ujanja wangu. Muzee akaja matangani, akaleta chakula, akaandika “Pole”. Ila safari hii alikuja na jeshi lake lote. Meli mia mbili zikazunguka sayari yangu zamu saba, hazikufyatua hata risasi moja, zilinitazama tu. Nilipowaomba majirani wengine wa mashini mkataba wa mafuta, jibu lilikuwa lile lile kutoka pande zote: “Sikubali.” Mwaka mzima sikushinda mchezo hata mmoja, nikaenda kwa Apolline kulalamika kwamba mashini yake ina kinyongo. Mkuki kwa nguruwe! Alicheka hadi akakaa chini.

Hadi hapa mnaweza kucheka pamoja naye. Kinachofuata ni kigumu zaidi, nami nimeahidi kukisema.

Kati yetu kulikuwa na mchezaji anayeitwa Tuyisenge. Familia yake ni wakulima wa Kibumba, na nyumbani kwao wanaongea Kinyarwanda. Alikuwa mchezaji bora wa klabu, na ninasema bora bila kubana meno. Novemba ya elfu mbili ishirini na mbili vita vya waasi vikafika Kibumba. Mama yake, Mama Léoncie, alishuka kwa miguu na watoto hadi kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, wakalala chini ya shiti la plastiki. Wiki ile ile tulikuwa tunachagua watatu wa kucheza dhidi ya Bukavu, na nahodha wa klabu. Mnajua mji ulivyokuwa siku zile: kila anayeongea Kinyarwanda alidhaniwa mutu wa waasi. Mutu alitazamwa pua kabla ya kujibiwa salamu. Nikasimama, hapa niliposimama sasa, nikasema: “Hatuwezi kumupatia mipango yetu mutu ambaye hatujui anaongeaka na nani kwa simu.” Nikaomba kura ya kumwondoa.

Tuyisenge alivua kaske za masikioni, akaziweka mezani, akatoka. Kura ilipita. Nikachaguliwa nahodha. Bukavu wakatufunga vibaya, lakini hilo liacheni.

Wiki iliyofuata Apolline aliita klabu yote. Akafungua kumbukumbu ya Muzee Kimya kwenye skrini, akaniambia: “Nahodha, utusomee.” Nikasoma. Florent: mikataba thelathini na mmoja, iliyovunjwa kumi na tisa. Wengine: miwili, mitatu, mitano. Tuyisenge: mikataba arobaini na minne, iliyovunjwa hakuna. Akaniambia niendelee, kulikuwa na maelezo. Katika mchezo mmoja Tuyisenge alipoteza ushindi uliokuwa mkononi mwake kwa sababu alibaki kulinda sayari ya mwenzake aliyeshambuliwa, hadi yake mwenyewe ikaanguka. Mwenzake huyo alikuwa mimi.

Muzee Kimya hakujua Kinyarwanda wala Kinande wala Kihunde. Hakujua nani katoka Kibumba na nani katoka Butembo kama wazazi wangu. Alijua jambo moja tu: ulisema nini, na ulifanya nini. Apolline, wewe ndiwe uliyemfanya hivyo, katika mji ambao kila mmoja wetu amewahi kumpima mwenzake kwa jina. Nakuvulia kofia mbele ya hadhara hii, na ningekuwa na kofia ya pili ningeivua pia.

Nilidhani mambo yameisha. Nilipanda Kanyaruchinya nikamkuta Tuyisenge akichimba mfereji wa maji ya mvua kuzunguka hema la mama yake. Nikamweleza yote tuliyosoma, na kwamba klabu imefuta ile kura, arudi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: “Florent, tuko pamoja miaka ine. Umekula kwa mama yangu pale Kibumba, viazi vya moto kabisa. Leo unakuja kuniita sababu mashini imesema niko mutu muzuri? Na kama ile mashini ingeungua na volkano, mimi ningekuwa nani?”

Niliteremka nalo swali hilo, na nimekaa nalo karibu miaka miwili. Ndugu wageni waalikwa, nyinyi mngemjibu nini?

Leo Muzee Kimya anastaafu kwa sababu ordinateur zetu ni mpya na Apolline anajenga mpinzani mwingine. Alitaka sehemu ya mikataba, yaani moyo wote wa mashini, iandikwe na Tuyisenge, maana nani mwingine anajua kuweka neno lake? Tuyisenge alikubali kwa sharti moja. Hakutaka kura, hakutaka cheti. Alisema: “Florent aseme mbele ya watu kitu anajua juu yangu. Yeye mwenyewe. Bila kusoma popote.”

Yuko pale mstari wa tatu, amekaa na mama yake. Mnaona pia kwamba nimeikunja karatasi yangu nikaitia mfukoni.

Tuyisenge, siku ile nilipoomba kura, nilijua. Mama Léoncie, nilijua. Sikuhitaji mashini kuniambia. Nilijua kwamba mwanao hakuwa anaongea na adui yeyote kwa simu. Alikuwa anakutafuta wewe, mama, siku tatu namba yako haipatikani, nami nilikuwa nimeketi kando yake nikimsikia akipiga na kupiga. Nilijua ni mutu wa kweli. Nilijua pia kwamba akibaki, nahodha ni yeye. Nilitaka kile kiti, na vita vilikuwa vimeniwekea maneno mdomoni tayari, nikayatumia. Hilo ndilo ninalolijua juu ya Tuyisenge, na ndilo ninalolijua juu yangu.

Unahodha nimeurudisha asubuhi ya leo kwa barua mikononi mwa Mama Victoire. Siombi kujibiwa hapa mbele ya watu. Ukitaka kunijibu, unajua nyumbani kwetu, na usipotaka, nitaelewa.

Mheshimiwa Chef, wazazi, ndugu zangu, mmenipa masikio yenu hata nilipofika mahali ambapo mimi mwenyewe nisingependa kujisikiliza. Nawashukuru sana. Asanteni.